Bei Njoo Inboksi

Jumamosi asubuhi nilitoka nyumbani na jambo moja tu kichwani: changu. Si vibua, si tasi, si dagaa wa kukaanga. Changu mmoja mnene wa kupaka, maana shemeji yangu alivuka kutoka Wete kuja kututazama, na mtu yule ukimlisha dagaa, kabla boti haijafunga kamba Pemba habari zako zishafika.

Nikashuka diko la samaki la Malindi, hapa hapa Unguja. Kijana ninayenunua kwake miaka yote yuko pale pale, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi. Na mezani kwake kalala changu, wallahi, ananitazama kama ananidai. Jicho limetuna, matamvua mekundu, mkia bado una ubishi.

"Huyu kiasi gani?"

"Huyo kashachukuliwa, ami."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Tuko sisi wawili na paka.

"Kachukuliwa na nani?"

"Mteja wa stetasi. Nimempiga picha alfajiri, hata barafu sijamtia, muamala ushaingia."

Samaki nimemshika mkia, kumbe ana mwenyewe ndani ya simu! Basi nikamwonesha wa pili, mdogo kidogo, ana kovu la ndoana mdomoni. Huyu je? Kijana akafuta pua kwa kiwiko, akaniambia bila haya: "Huyo bei njoo inboksi."

Yakhe, mie nimesimama mbele yake. Harufu yake naisikia na yangu anaisikia. Baina yetu ni ubao wa meza tu. Niende inboksi nikafanye nini na mwenyewe yuko hapa? Akasema bei zote sasa ziko kule, kuna wateja wa mahoteli, kuna wa kupelekewa majumbani, akianza kuzitaja kwa mdomo zinamchanganya. Nikaona nisigombane na mtu aliyeshika kisu. Nikatoa simu, nikavaa miwani, nikaandika: "Assalaam alaykum. Changu mwenye kovu kiasi gani?" Nikabonyeza. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni yake, naiona inavyotetemeka. Hapo hapo jibu likaingia: "Karibu mteja wetu mpendwa! Tumepokea ujumbe wako. Tutakujibu hivi punde."

Nikamtazama. Yeye anapara samaki wa watu, simu hata hajaigusa.

"Ndo umenijibu?"

"Hiyo inajibu yenyewe, ami. Mie si unaona mikono ina magamba."

Nikangoja. Jua likapanda. Mwisho nikanunua dagaa kwa bibi mmoja pembeni ambaye bei yake ilikuwa mdomoni mwake, nikapanda daladala ya Bububu na roho yangu iko juu.

Sasa mtaniambia mie mshamba, sijui masoko ya kidijitali. Nayajua sana, yananitafuna kila siku. Ninachouliza: bei imefanya kosa gani hata ifichwe? Mnada wa samaki nimeukuta tangu nashikwa mkono na marehemu baba. Mnadi anasimama juu ya mtungo, anapaza sauti, elfu kumi, kumi na moja, nani kumi na mbili, na kila mwenye sikio anajua samaki leo kiasi gani. Tajiri kasikia, maskini kasikia, namba ni ile ile. Leo bei imekuwa kama posa. Huiulizi hadharani. Unaitwa chemba, mnanong'onezana, na ukitoka huko usimwambie mwenzio, maana yeye kaambiwa nyengine.

Na hilo la kuambiwa nyengine sisingizii, nimelipima. Kaskazi iliyopita joto lilituunguza nikatafuta pangaboi. Nikaliona zuri kwenye simu, mapanga matano, na chini yake yale maneno yao. Nikaenda inboksi kwa adabu zangu zote. Laki na arubaini. Mke wangu akaenda kwa muuzaji yule yule, pangaboi lile lile: elfu tisini na tano. Mwanangu anayesoma chuo huko Tunguu akauliza naye: elfu themanini, na fundi wa kulifunga bure.

Siku mbili sikulala, nikijiuliza nimemkosea nini mtu nisiyemjua. Mpaka nilipoitazama picha yangu ya profaili. Nimepigwa harusini kwa mpwa wangu, nimevaa joho la kuazima, kilemba cha kuazima, na nyuma yangu gari jeupe la watu. Muuzaji kaniona, kasema huyu katua jana kutoka Muscat. Mke wangu kaweka waridi jekundu, na waridi halioneshi mfuko. Mwanangu kaweka picha amevaa suruali iliyochanika magoti, ambayo mie niliilipia bei ya nzima.

Nikaibadilisha siku ile ile. Nikapigwa picha na singlendi yenye matundu, nasukuma gari la matofali. Nikaenda kuuliza godoro. Bei ikaja chini, ya kiungwana kabisa, ila akaongeza: "Lakini wewe mzee utatanguliza pesa yote."

Nikamwita mwanangu nikamwambia, ada ninayolipa huko Tunguu leo inifae. Nielezee. Akasema baba, hawafichi kwa ajili ya bei peke yake. Wakiiandika, wewe unasoma unapita. Wasipoiandika, watu mia wanauliza "bei?" kwenye komenti, na ule mtandao ukiona watu wanazungumza unadhani pana jambo kubwa, unaipandisha posti ile kwa wengine. Kwa hiyo miaka yote hii ninapoandika "bei gani jamani" nilikuwa nachochea kuni kwenye jiko la mwenzangu. Bure. Na bando langu.

Halafu akanitolea kubwa zaidi. "Baba," kasema, "mbona mnada upo? Kila ukifungua simu unanadiwa wewe."

Nikamwambia arudie polepole. Akarudia. Ukifungua Facebook au Instagram, kabla tangazo halijakutokea, wenye biashara wanaotaka macho yako wanapandishiana bei humo ndani, kwa kasi ambayo jicho halijapepesa. Mashine ndiyo mnadi. Na mnadi yule hatazami nani katoa pesa nyingi tu. Anapima na tangazo gani mzee huyu ataelekea kulibonyeza, kwa hiyo mwenye pesa ndogo aliyekujua udhaifu wako anaweza kumshinda mwenye pesa nyingi. Nikauliza, na mimi nashika senti ngapi katika mnada huo? Akacheka.

Basi changu ni mie. Nimelazwa mezani, jicho limetuna, wananifungua matamvua kutazama kama bado fresh. Tofauti yangu na samaki ni kwamba barafu nanunua mwenyewe.

Na wanavyonijua! Hapa ndipo palipotaka kunivunjia nyumba. Usiku mmoja baada ya Ishaa nilijilaza na simu kifuani, natazama video za kurekebisha pampu ya maji. Ikaja ya bibi mmoja anauza mawigi. Wallahi mie nilikuwa nishasinzia, sikuona hata nywele moja. Lakini video zile zikiisha hujirudia zenyewe, nayo ikajirudia juu ya kifua changu mpaka adhana ya alfajiri. Kwanza bando la wiki likakata. Pili, algoridhimu, ambayo kwa maelezo ya mwanangu inahesabu hata muda uliotua kwenye kitu bila kubonyeza, ikaandika kwenye daftari lake: mzee huyu wa Bububu ana mapenzi mazito na mawigi.

Wiki tatu nzima. Nikifungua habari za mpira, wigi. Nikitazama saa ya kufuturu, wigi la mawimbi, mzigo mpya. Mke wangu kaazima simu ampigie dada yake, ikamrukia wigi refu la rangi ya shaba na maandishi "Bado unafikiria? Usimkoseshe umpendaye." Hakupiga simu. Kaiweka chini taratibu, kaniuliza kwa sauti ile ya chini ambayo wenye ndoa wanaijua: "Haya mawigi ni ya nani?" Mimi ni mtu wa mke mmoja, na huyo mmoja nguvu zangu zote keshazimaliza. Nimwambie nini? Nimwambie nilikuwa nimelala? Hicho ndicho wanachosema wote.

Zamani tulikuwa tukiwahurumia wageni pale Forodhani na Shangani, mtalii hajatua begi papasi, wale vijana wa kuwauzia wageni safari, washamganda. Safari ya Prison Island, ziara ya viungo, pomboo, kasa, kila hatua mmoja. Tukikaa barazani tunacheka. Lakini papasi ana utu wake: ukimwambia hapana mara saba anachoka, na ukiingia msikitini anabaki nje. Huyu wangu nalala naye. Tena yule wa Forodhani hajawahi kujua kama nimeuliza bei ya dawa ya goti.

Mtu atasema mwenye duka la mtaani naye alikuwa akitujua. Kweli. Daftari lake la mkopo lilikuwa na siri za mtaa mzima, nani kaongeza sukari, nani kapunguza mchele, nani kachukua udi na mumewe yuko safarini. Ila daftari lile halikunifuata chooni.

Na kundi la mtaa, hebu nalo nilisemee. WhatsApp inaruhusu sasa mpaka watu 1,024 kundi moja, na la kwetu naona linakimbilia huko. Taarifa za misiba tulikuwa tukizisikia redioni, mtu anapunguza maneno, anasikiliza jina, anajua kuzika ni saa ngapi. Mwezi uliopita kafariki mzee wetu mmoja. Taarifa ikawekwa, zikaanza kushuka: Innalillahi, Innalillahi, Allah amrehemu, Innalillahi, "Mandazi ya moto yapo, na bajia, tunaleta mpaka mlangoni," Innalillahi. Na kuna aliyeuliza "bei?" Hapo hapo, katikati ya msiba! Akajibiwa nini? Mnajua alichojibiwa.

Sisemi zirudi siku za nyuma. Disemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ulitufia, Unguja nzima ikakaa kiza mpaka Machi 2010. Tulibeba maji kwa ndoo mpaka mabega yakapinda, simu unaichaji kwa kulipia kwenye jenereta ya mtu, ukiiwasha unauliza nani kazaa na nani kafa, unaizima. Matangazo yalikuwa ya gari yenye kipaza sauti, na hiyo ikipita unaziba masikio, imepita. Sitaki kiza kile tena. Nataka kipaza sauti kinachopita.

Ngoja nirudi kwa changu.

Nimefika nyumbani na dagaa wangu, mke wangu kautazama mfuko, kanitazama mimi, kaingia jikoni bila neno. Nikashangaa mbona hagombi. Nimevua shati, nimebaki na singlendi ile ile na kikoi, ndipo simu ikalia. Inboksi! Saa tatu baadaye! "Samahani kwa kuchelewa mpendwa mteja. Changu mwenye kovu keshauzwa. Karibu tena." Na moyo mwekundu.

Sijamaliza kusonya, bodaboda ikasimama mlangoni.

"Hodi! Hapa ndipo kwa Waridi?"

"Waridi gani?"

"Mteja wa stetasi. Mzigo wa kutoka diko."

Kafungua mfuko. Jicho limetuna, matamvua mekundu. Yule yule! Ananitazama kama asubuhi, ila sasa nadhani alikuwa anacheka. Nyuma yangu mke wangu anafuta mikono kwa kanga, anasema nilijua wewe ungerudi na dagaa, nikamwahi kabla hujatoka nyumbani. Bei aliyopewa sikumwuliza, nina presha. "Samaki nishamlipia," kasema, "mpe mtoto wa watu nauli yake."

Nikatoa nauli. Nikampokea changu kwa mikono miwili, maana ni mzito, na yule kijana akarudi hatua nyuma, akainua simu yake. Pap.

"Ya nini hiyo?"

"Mrejesho tu, baba. Bosi anataka tukishafikisha mzigo tumtumie picha."

Shemeji yangu alikula mpaka akafungua mkanda. Akanywa kahawa yake, akachukua simu yake, akatulia, akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Kisha akanigeuzia. Niko kwenye stetasi ya muuza samaki. Singlendi yenye matundu, kikoi, nimekumbatia changu kama mtoto mchanga, mdomo wazi. Juu kumeandikwa "Wateja wetu wanafurahi." Na chini, kwa herufi nene:

BEI NJOO INBOKSI.