Bridha kwenye injini: presha hutoka, unyevu hubaki

Ukifungua paipu la intakula (rejeta inayopoza hewa iliyosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini) kwenye injini ya turbo iliyotembea sana, ukaliinamisha, mara nyingi oili itatiririka. Kwenye injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hali huwa mbaya zaidi: migongo ya valvu za kuingiza hewa hujaa masizi magumu, kwa kuwa hakuna petroli inayopita pale kuziosha. Mwenye gari hutafuta chanzo, na chanzo hakijifichi. Ni ile mipira inayotoka kwenye kava ya valvu na kurudi kwenye njia ya hewa, mmoja kabla ya turbo na mwingine kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Basi anaing'oa, anaziba matundu yake, na juu ya kava anafunga kichujio kidogo kinachopumulia nje. Hiyo ndiyo bridha.

Si wazo la kipuuzi, na wanaolitetea wana hoja za kweli. Ila naona wanachanganya mambo mawili: kutoa presha na kupitisha hewa. Bridha hufanya la kwanza. La pili hailifanyi, na injini ya gari la kila siku inalihitaji zaidi.

Hakuna ringi ya pistoni, ile pete inayoizunguka, inayoziba kabisa. Kila petroli inapowaka, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini, pale krenki inapozunguka juu ya oili. Gesi hiyo hubeba petroli ambayo haijaungua, masizi, na maji. Maji ndiyo yanayosahauliwa. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Sehemu kubwa hutokea ekzosi, lakini kiasi fulani hushuka chini, na injini ikipoa usiku hugeuka matone ndani ya chuma.

Zamani magari yalikuwa na bomba lililoning'inia chini ya injini, likivutwa na upepo wa mwendo. Gari likisimama au likitambaa kwenye foleni, hakuna kilichovutwa. Lilidondosha oili barabarani na kumwaga hewani petroli isiyoungua, na California, ambako moshi mzito uliikaba Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikataka magari mapya yarudishe gesi hizo ndani ya injini zikaungue. Huo ndio mfumo wa PCV (positive crankcase ventilation, yaani kupitisha hewa kwenye tumbo la injini). Una njia mbili: moja huingiza hewa safi iliyochujwa, nyingine huvuta hewa chafu kupitia valvu ndogo hadi kwenye manifoldi. Kwa hiyo ndani ya injini kuna upepo unaopita muda mwingi, na upepo huo ndio unaoondoka na unyevu.

Weka bridha, upepo huo unakufa. Kinachotoka ni kile tu kinachosukumwa na gesi mpya kutoka kwenye ringi. Hakuna kinachovuta, hakuna hewa kavu inayoingia kufagia. Nimewahi kufungua kifuniko cha oili cha injini iliyofanyiwa hivyo, gari la safari fupi fupi ambalo halikupata muda wa kuchemka sawasawa. Chini ya kifuniko kulikuwa na utando mzito wa rangi ya krimu, oili na maji vilivyokorogana. Stiki ya oili ilinuka petroli. Mwenyewe alikuwa akisifia jinsi manifoldi yake ilivyo safi, na kweli ilikuwa safi. Uchafu ulikuwa umehamia kwenye oili inayolainisha beringi zake.

Watetezi wa bridha husema: mbona magari ya mashindano yanazo? Yanazo, tena kwa sababu nzuri. Turbo ikisukuma hewa nyingi, presha ya manifoldi hupanda na valvu ya PCV lazima ijifunge. Gesi zote hukimbilia mpira mmoja uliobaki, ule wa kuingiza hewa safi. Injini iliyoongezwa nguvu sana huzidi uwezo wa mpira huo, na presha hutafuta pa kutokea: hurusha stiki, husukuma oili sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje. Hapo njia pana ya kutokea ni lazima. Tena ukungu wa oili ukiingia kwenye silinda hupunguza uwezo wa petroli kuhimili kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda, na kwenye injini iliyoongezwa nguvu hadi ukingoni hilo ni hatari. Lakini injini ya mashindano hufanya kazi ikiwa moto muda wote na hubadilishwa oili mapema mno. Wala haiachiwi kudondosha: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutaka tangi la kukusanyia oili. Zaidi ya hayo, timu nyingi hulipia pampu ya kuvuta hewa kutoka tumbo la injini, kwa sababu ringi huziba vizuri zaidi chini yake kukiwa na mvuto. Anayeng'oa PCV kwenye gari la barabarani anatupa bure sehemu ya kile wanachokinunua.

Kuna na madhara ya pembeni: harufu ndani ya gari, ukungu wa oili karibu na ekzosi ya moto, na kushindwa ukaguzi wa moshi katika nchi zinazoufanya. Ukisahau kuziba tundu moja, hewa huingia bila kupimwa na sensa, mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha, na taa ya injini huwaka.

Mwenye kuchukizwa na oili kwenye intakula ningemshauri kopo la kunasa oili, mipira yote miwili ikibaki mahali pake. Liwe na nyavu au vizuizi ndani, maana kopo tupu hunasa kidogo sana. Limwagwe mara kwa mara, hasa kwenye baridi kali, ambako maji yake huganda yakaziba mpira na oili sili zikaanza kuvuja.

Kabla ya hata hilo, pima. Injini ikinguruma gari limesimama, fungua kifuniko cha oili, weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Ikivutwa taratibu, mfumo unafanya kazi. Ikirushwa juu, ama valvu ya PCV imeziba, na kuibadilisha ni kazi ndogo, ama ringi zimelika, na hapo pima kompresheni, yaani presha inayojengeka ndani ya silinda. Bridha ikifungwa wakati huo, presha itapata njia, dalili itapotea, na ringi zitaendelea kulika.