Anayepiga Hodi Ndiye Jasusi?

Jumamosi jioni nimetoka tao na matatu ya Umoja, Jogoo Road imesimama vile husimama, na hapo karibu na City Stadium wakapanda vijana wawili. Mashati meupe, tai, beji nyeusi kifuani, mmoja mzungu masikio yamekuwa mekundu kwa jua, mwenzake mweusi kama mimi. Mnawajua, wamisionari wa Mormoni. Makanga kabla hata hajaitisha nauli akapaza sauti, "Leo tumebeba CIA, siasa mwongelee kwenu!" Gari nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja akavuta mkoba wake akaukumbatia. Yule mzungu akatabasamu kama mtu ambaye hajashika maneno, lakini yule mweusi alikuwa ameshika kila kitu, akageuka akaangalia nje dirishani kama kuna kitu cha maana huko.

Mimi nikajipata nimesimama, kichwa kimeinama juu ya dari fupi, nafokea makanga mpaka dereva akapunguza muziki. Nilisema mengi, mengine siwezi kuandika hapa. Ninalokumbuka ni nililorudia rudia: huyo ni mtoto wa mtu.

Mimi si wao, tuelewane. Mimi ni ACK, Anglikana, wa Krismasi na matanga. Lakini kijana wa dada yangu yuko Lusaka, huu ni mwezi wa kumi na nne, amevaa beji kama ile, na nina hakika kuna konda wa huko anamwita vilevile kwa Kinyanja, na hakuna anko wake ndani ya hiyo gari.

Hebu tuanze na hii CIA, kwa sababu nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Jasusi gani huyo anaamka saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi, taa anazima saa nne na nusu usiku, hawezi kwenda popote bila mwenzake kando isipokuwa chooni, haruhusiwi kuwa na msichana, haruhusiwi hata kuogelea, halafu kifuani amejiandika jina? Kama huo ndio ujasusi basi Marekani imekwisha, tuwaombee.

Huyu wetu walimpata na mitungi. Alikuwa na miaka 15, wiki ile maji yalikuwa yanakuja Alhamisi usiku tu, na dada yangu anakaa orofa ya nne, kwa hivyo kijana alikuwa anapandisha mitungi ya lita ishirini, ngazi zimelowa, mkono mmoja ameufunga kitambaa juu kishikio kilikuwa kinamkata. Wawili wakapita na tai zao, wakauliza kama wanaweza kusaidia. Walibeba safari tatu kabla ya kutaja Mungu. Dada yangu alisimama mlangoni amekunja mikono akingoja waitishe pesa, na mpaka leo hawajaitisha, ingawa fungu la kumi lilikuja baadaye, hilo nisifiche.

Alipofika umri akaomba kwenda misheni. Unaanza ukiwa na miaka 18 kama wewe ni mvulana, miaka miwili, wala hauchagui pa kwenda. Barua ya wito ilikuja kwa simu, tukamzunguka sisi wote sebuleni, Shosho amekaza macho kabisa anasubiri neno Utah, kule Marekani kwenye makao makuu yao. Ikatoka Lusaka. Kimya kikatanda hapo mpaka mtu akauliza, "Si hiyo ni ya basi?"

Halipwi hata senti. Dada yangu ndiye anachanga kila mwezi kutoka kwa pesa ya kushona. Na beji inasema Elder halafu jina la ukoo, basi, jina lake lenyewe limewekwa kabatini hadi arudi. Elder kwa Kiswahili ni mzee, na hapo ndipo kaka yetu mkubwa alikwazika, ati mtoto wa miaka 19 anaitwa mzee na yeye mwenye mvi ameketi hapa. Huyu kaka ndiye pia husema kila mkutano wa familia kwamba kijana amepoteza miaka miwili, angekuwa amefungua hata kibanda cha M-Pesa. Sitataja kijana wake mwenyewe amefanya nini na hiyo miaka miwili. Nitasema tu kwamba timu za Uingereza anazijua zote na nyingi zimemla pesa.

Sasa nije kwa jambo lenyewe linaloniuma.

Sisi watu wa Nairobi si eti hatupendi kuhubiriwa, msiniambie hivyo. Tunahubiriwa usiku na mchana. Kwetu kuna hema nyuma ya ploti, Ijumaa wana kesha, spika mbili zimeelekezwa dirishani kwangu, saa tisa usiku mtu anakemea mapepo ambayo mimi binafsi sikuyaalika. Kuna mhubiri wa matatu anayesimama pale mbele kutoka Donholm mpaka Muthurwa, anakutemea mate ya Injili, halafu anapitisha mkono. Kuna yule wa runinga mwenye paybill chini ya skrini saa zote. Hawa wote hawakuniuliza. Hakuna hata mmoja aliyesimama nje akasema hodi, akangoja karibu. Na hawa wote tunawaita watumishi, tunawapisha njia, tunawatafutia kiti.

Halafu kuna mtoto mmoja anayefika mlangoni, anapiga hodi, akiambiwa hapana anasema asante na anaenda mlango wa pili. Hodi yenyewe tulilelewa nayo, si ndiyo? Unabisha, usipojibiwa mara tatu unaenda zako, hudai, husukumi mlango. Nikimfikiria huyu wetu, siku nzima kazi yake ni kuambiwa hapana na watu waliomzidi umri, kwa lugha anayoibahatisha, na kesho anaamka saa ileile anafua shati lilelile na anatoka tena. Mimi nikinyimwa kitu na karani mmoja wa kaunti silali. Jumatatu moja nilimuuliza wanamfanyia nini akikataliwa, akacheka, akasema kuna mzee alimfungulia mbwa, halafu yule mzee akaja kumshika mbwa mwenyewe kwa sababu alimhurumia. Alicheka lakini nilisikia ile sauti. Dada yangu naye akasikia, akaenda jikoni.

Na huyo ndiye tunamwita jasusi. Mwenye spika anaitwa mtumishi. Mimi nimeshindwa.

Hiyo Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na kununua chakula na kupiga simu nyumbani. Saa saba yetu ni saa sita yao. Zamani, mpaka Februari 2019, walikuwa wanapiga Krismasi na siku ya akina mama tu, mara mbili kwa mwaka, dada yangu angekuwa amezikwa. Siku hizi ni kila wiki, na bando ikiisha katikati ya maombi kuna mtu atatumwa mbio dukani.

Kuna mambo yao sijayameza. Kenya ilipata uhuru 1963, na miaka 15 baadaye tukiwa tayari na bendera na wimbo wetu, kanisa hili lilikuwa bado linasema mwanamume mweusi hawezi kupewa ukuhani, hadi Juni 1978. Najua kuhusu Joseph Sitati, Mkenya wetu, Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia kwa viongozi wao wakuu, hiyo ni 2009. Na Mei 2025 hekalu lao la hapa Nairobi, Mountain View, lilipowekwa wakfu, waliokuwa wanasafiri mpaka Johannesburg walilia machozi. Haifuti. Nilimuuliza kijana kabla hajaondoka, tukiwa kwa balkoni. Alinyamaza muda mrefu akichuna rangi ya chuma kwa kucha, akasema, "Anko, hiyo hata mimi inanisumbua. Nilimuuliza Mungu kuhusu Kitabu cha Mormoni na nilijibiwa. Hiyo nyingine bado nauliza." Sikutosheka na nilimwambia. Lakini kasisi wangu sijawahi kumsikia akisema bado anauliza kitu chochote, na hilo kanisa langu nalo lililetwa na meli ya nani.

Halafu chai. Neno la Hekima wanaliita, la 1833, kutoka Kirtland, Ohio, linakataza pombe, sigara na "vinywaji vya moto", na hivyo vinywaji vya moto wakasema ni chai na kahawa. Ila chokoleti ya moto inakubaliwa, na maziwa ya moto, na uji wa moto, sasa hapo mtanieleza. Mtu wa Ohio akatae chai si mbaya. Lakini hapa nyumbani, na Kericho iko pale? Siku ya kumuaga, Shosho alimpelekea kikombe kwa mikono miwili, kile cha maua cha wageni, chai ya maziwa imekolea mpaka ina ngozi juu. Kijana akapiga magoti, akashika kile kikombe pamoja na mikono ya Shosho, akasema, "Shosho nisamehe, siwezi." Kaka mkubwa akatoka nje. Mimi mwenyewe siku hiyo nilitamani kumzaba kofi.

Shosho hakusema neno. Aliinywa yeye mwenyewe, yote, amesimama.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake nikitafuta sukari, nikakuta juu ya kabati kuna mkebe mpya wa chokoleti ya kunywa, umefunikwa na kitambaa. Nikaushika. Akaniambia kutoka chumbani, bila hata kuinuka, "Rudisha hicho. Ni cha mzee."