Fundi Anaposema Masikio Yake Yamezoea
Mafundi wa jua kali wanaofua makarai na masanduku ya bati karibu na soko la Kibuye, Kisumu, husema kelele haziwasumbui kwa sababu masikio yameshazoea. Nawaheshimu, lakini hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ndani ya sikio, katika kijia kilichojiviringa kama konokono, mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000, ambazo kwa mwanadamu hazioti tena zikifa. Kelele huanza na zile za sauti nyembamba, hasa karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, kwa hiyo fundi huendelea kusikia ngurumo za lori huku f, s na sh zikimponyoka, asijue mteja amesema "fika" au "shika". Anachokiita mazoea huenda ndio upotevu wenyewe.

Hata hivyo, hoja yao si ya kupuuzwa. Fundi hulijua bati kwa mlio wake, na akijiziba masikio hukosa mlio huo pamoja na honi ya bodaboda inayompita mgongoni. Isitoshe, anayelipwa kwa kila karai hawezi kuambiwa apunguze saa za kufua bila kuambiwa pia atakula nini.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaruhusu desibeli 90 kwa saa nane, ilhali NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza 85 kwa muda huo, nao upungue kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli tatu. Kwa hesabu hiyo, kazi ya desibeli 90 ingekoma baada ya saa mbili na nusu hivi. Naona kipimo chetu kimelegea mno, lakini hata kikikazwa, majukumu mengi yamemwelekea mwenye kiwanda, na anayefua chini ya mwavuli wake ndiye mwajiri, ndiye mwajiriwa.

Ningeanzia kwenye nafasi. Mahali pa wazi, umbali kutoka kwenye chanzo cha kelele ukiongezwa maradufu, hupungua desibeli sita hivi. Mwanagenzi anayekunja vishikio mita moja kutoka kwenye nyundo ya bwana wake angekunjia mita nne, apate nafuu ya desibeli kumi na mbili, tena bila hasara, kwa kuwa si yeye anayesikiliza bati. Ila mita hizo tatu ni kibanda cha mtu mwingine, naye anafua vilevile. Ndiyo maana suala hili linaihusu serikali ya kaunti inapogawa vibanda, kabla halijamhusu daktari wa masikio.