Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, na injini baridi iko nyumbani

Kwetu Njombe, mwezi wa sita na wa saba ndio mtihani wa injini ya dizeli. Alfajiri ukungu umeshika hadi uzio wa jirani hauonekani, na kila anayemiliki pikapu anajua kama yake iko salama kwa kuisikiliza inavyowaka. Yenye valvu nzima, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, hushika mara moja. Yenye valvu inayovuja hutoa moshi mweupe, inatetemeka, inazima, unaipiga tena mpaka betri inachoka.

Ya kwangu ilifika huko miaka michache iliyopita, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike. Ni Isuzu ya zamani, injini ya 4JA1, silinda nne, cc 2,499. Kamshafti, mhimili wenye nundu unaoendesha valvu, iko ndani ya bloku. Inasukuma vijiti, vijiti vinasukuma roka, mkono mdogo wa chuma, na roka inafungua valvu. Nilikuwa nimeipeleka gereji kwa sababu tapeti, pale roka inapogonga mkia wa valvu, zilikuwa zinapiga kelele. Niliingia injini ikiwa ya moto, nimetoka kushusha viazi Makambako, na fundi akaanza kazi pale pale. Hakutumia filageji, vile vibapa vyembamba vya kupimia uwazi. Alikaza kila roka kwa mkono na sikio mpaka kelele ikaisha, kisha akaniambia, "Bosi, sikiliza sasa, kama cherehani." Kweli ilikuwa kama cherehani. Nikalipa nikiwa na furaha.

Baada ya miezi mitatu valvu ya ekzosti, ya kutolea moshi, ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua ukingoni. Ikabidi silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, ishuke, valvu ibadilishwe, kiti chake, pale inapokaa ikifunga, kisagwe upya. Wiki mbili bila gari, msimu wa viazi.

Ule uwazi mdogo kati ya roka na mkia wa valvu una kazi yake. Chuma kikipata moto hurefuka, na valvu ikirefuka bila nafasi, roka inaizuia isikae kwenye kiti. Valvu ya ekzosti inapitiwa na moto kila mzunguko, na sehemu kubwa ya joto lake huondoka pale inapogusa kiti, likapita kwenye hedi na kuchukuliwa na maji. Isipokaa vizuri, joto halina pa kwenda, na moto unapenya kwenye ule mwanya mwembamba ukiula ukingo wake kidogo kidogo. Na dizeli haina plagi ya cheche ya kuiokoa: inategemea hewa ibanwe karibu mara 18 ndipo ipate joto la kuwasha mafuta. Mgandamizo ukivuja, asubuhi ya baridi utaumbuka.

Kwa hiyo tapeti inayogonga kidogo hainitishi. Inaniambia uwazi umeongezeka, nina muda wa kuirekebisha. Inayonitisha ni iliyobana, maana hiyo haisemi kitu mpaka imeshaharibu.

Simlaumu yule fundi peke yake. Kipimo cha injini hii ni milimita 0.40 kwa valvu zote, ingizo na ekzosti, injini ikiwa baridi kabisa. Baridi maana yake imelala usiku mzima. Gereji gani itaipata? Mteja anaingia na gari la moto, nyuma yake wamepanga foleni wengine watatu, naye anataka kuondoka kabla ya saa sita. Fundi akisema "liache lilale hapa" mteja anahamia gereji ya pili. Nyumbani kwangu injini inakuwa baridi kila siku alfajiri, bure. Ndiyo maana naamini kazi hii, kwa injini ambazo uwazi hurekebishwa kwa skrubu na nati ya roka, ni ya mwenye gari.

Vifaa vyenyewe ni filageji, spana ya ringi, bisibisi bapa, raketi yenye soketi ya boliti ya puli ya mbele ya injini, na kitambaa safi. Naweka gia huru, naweka mawe kwenye matairi, natoa waya hasi wa betri ili mtoto asije akawasha gari vidole vyangu vikiwa mbele ya feni. Kisha nafungua kava ya roka na kuizungusha injini kwa boliti ya puli, kuelekea kulia nikiwa nimeikabili, mpaka alama ya puli ikutane na kielekezi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Alama ikikutana, pistoni ya kwanza na ya nne zote ziko juu, lakini moja tu ndiyo iliyo kwenye mgandamizo, yaani valvu zake zote zimefungwa. Shika roka za silinda ya kwanza uzitikise: zote mbili zikicheza, uko sahihi. Zikiwa zimebana na za nne ndizo zinacheza, zungusha mzunguko mmoja mzima. Hapo napima ingizo na ekzosti za kwanza, ingizo la pili na ekzosti ya tatu. Nazungusha mzunguko mmoja tena, napima zilizobaki: ekzosti ya pili, ingizo la tatu na mbili za nne.

Ubapa wa 0.40 unatakiwa kupita ukikwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Ukishakaza nati pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kusogea nati inapokazwa. Mimi huwa narudia mara mbili au tatu kwa valvu moja na sioni aibu. Angalia pia uso wa roka. Ukiwa umechimbika, filageji inapita juu ya shimo bila kuligusa, unaambiwa 0.40 kumbe uwazi halisi ni mkubwa zaidi.

Usichukue namba hii ukaipeleka kwenye gari lingine. Hilux ya injini ya 3L, kwa mfano, inataka 0.20 hadi 0.30 kwa ingizo na 0.40 hadi 0.50 kwa ekzosti, na nyingi kati yake hurekebishwa kwa kubadilisha vidonge vya chuma, kazi inayotaka maikromita na kifaa maalumu. Ya namna hiyo unaweza kupima mwenyewe, kisha ukampelekea fundi namba zako.

Namba zenyewe ndizo ninazozithamini kuliko hata marekebisho. Kabla sijagusa nati yoyote napima zote nane na kuziandika kwenye daftari, pamoja na kilomita. Napima kila kilomita 20,000. Jumamosi iliyopita saba zilikuwa kati ya 0.40 na 0.45. Ekzosti ya silinda ya pili ilikuwa 0.30, na mara ya mwisho niliiacha 0.40 kamili. Uwazi unaopungua hivyo huniambia valvu inazama kwenye kiti chake. Nimeirudisha 0.40, na hiyo moja nitaipima tena baada ya kilomita 5,000, kabla ya baridi ya Juni.