Waliotazama Wana Kesi Gani?

Kuna kauli ikitamkwa mbele yangu hunipandisha mori: “Kama hujafanya kosa, unaogopa nini?” Juzi nimeisoma tena mtandaoni, kutoka kwa mtu anayeona ni sawa kabisa kampuni zenye hakimiliki zipewe orodha ya watu waliotazama video zilizopakiwa bila idhini. Waliotazama, jamani. Si waliopakia.

Huyu ama ni mdogo mno kuikumbuka kesi ya Viacom, kampuni ya Marekani ya televisheni na filamu, dhidi ya YouTube, ama ameamua kuisahau. Viacom ilishtaki Machi 2007, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 1. Kwa hilo sina ugomvi nayo. Vipindi vyake vilikuwa vimezagaa YouTube bila ruhusa, na Google, iliyoinunua YouTube mwaka uliotangulia kwa dola bilioni 1.65, hakuwa yatima wa kuonewa huruma. Mwenye mali akidai mali yake, na adai.

Balaa lilikuja Julai 2008. Jaji Louis Stanton wa mahakama ya shirikisho New York aliiamuru Google ikabidhi kumbukumbu zote za utazamaji: jina la mtumiaji, anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta yake mtandaoni), video aliyofungua na saa aliyoifungua. Terabaiti 12 za maisha ya watu. Viacom ilisema inataka kulinganisha tu, ione kama video zilizoibwa zinatazamwa kuliko zile ambazo watu wamejirekodia wenyewe. Haya, swali halali. Lakini hilo ni swali la hesabu! Video hii mara ngapi, ile mara ngapi, mmemaliza. Kwamba fulani alikesha akitazama video za ugonjwa ambao hajamwambia hata mwenzi wake, au mahubiri ya dini ambayo si ya kwao, hilo linamsaidia vipi mwenye hakimiliki?

Sasa ngoja. Viacom ilikuwa imeomba pia msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mfumo wa utafutaji wa Google, na katika amri ile ile jaji akakataa. Ni siri ya biashara, yenye thamani kubwa mno, haiwezi kutolewa hivi hivi. Siri ya kampuni, basi, ikajengewa ukuta. Na ya mtazamaji? Hofu juu ya faragha yake ikaambiwa ni ya kudhania tu. Hongera sana. Mtazamaji hakuwa mdai wala mdaiwa, hakuwa na wakili wa kusimama kumsemea, na hakuna aliyemuuliza lolote. Ndiyo maana ikawa rahisi kumtoa sadaka.

Kichekesho chenyewe ni kwamba jaji alijiegemeza kwenye maneno ya Google. Mapema mwaka huo kampuni ilikuwa imeandika kwamba anwani ya IP peke yake, mara nyingi, haimtambulishi mtu. Ni utetezi wa aliyebanwa kwa kulimbikiza data, nao ukarudi kumchoma mwenyewe. Na wote wawili, kampuni na jaji, walikuwa na somo la AOL mezani: mwaka 2006 kampuni hiyo ya intaneti ilitoa hadharani yale ambayo watumiaji wapatao 650,000 walikuwa wameyatafuta, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Ndani ya siku chache tu, waandishi wa New York Times walikuwa wamempata mmoja wao kwa kusoma alichokuwa akikitafuta.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwezi huo huo pande mbili zilielewana majina na anwani za IP za watazamaji zifichwe kabla data haijakabidhiwa. Lakini kilichosaidia hapo ni kelele za watu. Amri ya jaji ilikuwa imeshairuhusu Viacom ipewe vyote.

Kesi yenyewe ilizunguka weee: YouTube ikashinda 2010, mahakama ya rufaa ikaifufua 2012, YouTube ikashinda tena 2013, na 2014 wakubwa wakayamaliza nje ya mahakama.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa Marekani ilishalijua tatizo hili enzi za kaseti za video. Mwaka 1987 gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kaseti alizokodi Robert Bork, aliyekuwa amependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kabisa ya nchi. Haikuwa na lolote la aibu, ila wabunge waliona hatari ilipo, na mwaka 1988 wakapitisha sheria ya kulinda kumbukumbu za wanaokodi. Google iliitaja mbele ya Jaji Stanton, haikumshtua. Sheria hiyo haikuishia kumzuia mwenye duka asitoe orodha. Inamtaka aiteketeze ikishakosa kazi, tena kabla mwaka haujapita. Duka la kaseti! Hawa wenye terabaiti nao waambiwe hivyo hivyo, maana kumbukumbu isiyokuwepo hakuna jaji wa kuiamuru itolewe.