Jina halina wakati uliopita

Jioni moja ya mvua, ndani ya matatu ya Free Area hapa Nakuru, kijana aliyekaa kiti cha nyuma alikuwa akizungumza peke yake kwa sauti. Makanga akamtazama, akawageukia abiria, akataja hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi: "Huyu ni wa Mathari, mpeni nafasi." Mama mmoja aliyepakata kikapu cha sukuma wiki akamkemea. "Usimwite hivyo, mwanangu. Huyo ni mgonjwa wa akili." Makanga akanyamaza. Tulipofika mjini, wasichana wawili wa shule wakawa wanashuka, mmoja akamsukuma mwenzake mgongoni: "Shuka basi, mgonjwa wa akili wewe!" Wakaangua kicheko, wakapotelea kwenye umati.

Neno la adabu halikudumu hata safari moja.

Hukumbuka kisa hicho kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu lugha ya afya ya akili, kwa sababu kila upande unaweza kukidai. Anayetaka maneno yabadilike atasema: mnaona, yule mama alimnyamazisha makanga kwa sentensi moja. Anayeona mambo ya maneno ni kupoteza muda atasema: mnaona, dharau haikwenda popote, ilibadilisha shati tu. Hata methali zetu hazijaafikiana. Moja inasema maneno makali hayavunji mfupa. Nyingine inasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nianze na wale wa kwanza, maana wengi huwachukulia kama watu wa semina za hotelini. Hoja yao nzito si kwamba neno "kichaa" linaumiza moyo. Linaumiza, ndiyo. Lakini kuna baya zaidi: linamnyang'anya mtu ushahidi wake. Akishaitwa kichaa nyumbani, akisema tumbo linamuuma, ni kichaa chake. Akisema kaka zake wameuza kipande chake cha shamba kule Njoro bila kumuuliza, ni kichaa chake. Akisema haitaki sindano ile kwa sababu inamtetemesha mikono, hapo ndipo wote watakubaliana kwamba kimempanda. Kila analosema linahesabiwa kuwa dalili. Wapo watu waliokaa na maradhi ya kawaida kabisa ya mwili mpaka yakawashinda, kwa kuwa hakuna aliyewasikiliza.

Katiba ya Kenya ya 2010 ililiona jambo hili. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdunisha, na katika Katiba yetu ulemavu ni pamoja na ule wa akili. Kwa hiyo namna ya kumwita mtu ni suala la haki, si la malezi mema peke yake. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, nayo ikamtaja mtu kwanza na ugonjwa baadaye: mtu mwenye ugonjwa wa akili. Lakini geuza kurasa za Katiba hiyo hiyo. Kifungu cha 83 kinamzuia kujiandikisha kuwa mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na cha 99 kinamzuia asiye na akili timamu kuchaguliwa mbunge. Wasiopenda siasa zetu watacheka hapo. Mimi ninachoona ni kwamba waandishi wa Katiba walituonya tuchunge ulimi, kisha wakaazima kipimo cha kijiweni.

Sasa upande wa pili, ambao nao una hoja kuliko wanavyokiri watetezi wengi wa lugha safi.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910, na jina lake la kikoloni lilikuwa la kufungia vichaa, bila haya. Baadaye jina hilo likafutwa, likawekwa la mahali. Mathari halina tusi lolote ndani yake. Leo hii, zaidi ya kilomita 150 kutoka hospitalini, makanga wa Nakuru analitumia kumdhihaki abiria, na kila mtu kwenye gari anaelewa. Kibao kilibadilishwa, dharau ikahamia kwenye kibao kipya. Wanaoipinga lugha ya heshima huuliza, kwa nini tuamini kwamba "mgonjwa wa akili" litasalimika? Wale wasichana wa shule wameshajibu.

Kisha wanakukumbusha Ukimwi. Kule Nyanza miaka ya 1990, watu walipokonda na kufa, wengine wakisema ni chira, neno la Kijaluo la laana ya kuvunja mwiko, kulikuwa na kampeni za kila aina za kuwataka watu waseme kwa upole. Upole ulisaidia. Ila kilichobadilisha hali hasa ni dawa: mtu aliyekuwa akisubiriwa kuzikwa akaonekana tena soko la Kibuye, Kisumu, anauza nguo. Ni vigumu kumwita mtu marehemu mtarajiwa wakati anakudai pesa. Kwa mantiki hiyo, shilingi iliyotumika kuchapisha orodha ya maneno mazuri ingenunua dawa za wodi. Jopokazi lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura hutangazwa ili zifuatwe na dawa na wahudumu. Zikifuatwa na msamiati peke yake, watu wana haki ya kununa.

Na kuna jambo jingine ambalo mimi binafsi linanikera. Ni ile sentensi ya "anapitia changamoto ya afya ya akili". Changamoto! Shimo la barabarani ni changamoto, karo ni changamoto, mtandao ukikatika ni changamoto. Mama aliyetoka Kuresoi alfajiri na mwanawe ambaye hajalala siku tano, anayesikia sauti zikimwamrisha, akiambiwa kijana ana changamoto ya afya ya akili, arudi nyumbani na nini? Anahitaji kusikia kwamba ni skizofrenia, au ni sonona, au ni bipola, ile ya hisia kupanda na kushuka, au ni bangi, au ni malaria iliyopanda kichwani, ili ajue la kufanya. Neno laini lisiloeleza kitu ni pazia. Nyuma yake ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Hapo ndipo nadhani mjadala wetu umekosea njia kidogo. Mengi tunayoambiwa kuhusu lugha ya heshima yametafsiriwa, na tafsiri inabeba magonjwa ya lugha nyingine. Chukua kujiua. Waandishi wa Kiingereza hushauriwa waache kitenzi ambacho katika lugha yao hutumika pia kwa kutenda uhalifu. Ushauri mwema, kwao. Katika Kiswahili, kujiua hakuna harufu ya jinai. Kwetu jinai haikuwa kwenye neno, ilikuwa kwenye kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoruhusu aliyejaribu kujiua na akanusurika kufungwa hadi miaka miwili. Ndiyo maana familia zilifika hospitalini na kusema ilikuwa ajali. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Hakuna msamiati uliobadilika siku hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kweli ilianza kusemeka mbele ya daktari bila kumwogopa polisi.

Kiswahili kina maradhi yake. Sikiliza: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa. Wote wamebandikwa silabi ya ki-, kama kiti na kijiko. Wengi wanataka maneno yote ya namna hiyo yatupwe, na kwa baadhi wamefaulu. Ni wachache leo watakaosema "zeruzeru" mbele ya watu bila kutazamwa vibaya, tunasema mtu mwenye ualbino. Lakini viziwi wenyewe walikataa. Chama chao Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi, na wengi wao hawataki kabisa kuitwa "wasiosikia", kana kwamba wao ni upungufu wa mtu mwingine. Kwa hiyo silabi ya ki- peke yake si mkosaji. Wenye jina wanapaswa kuulizwa.

Tatizo langu na "kichaa" na "mwendawazimu" liko kwingine: ni majina, na jina halina wakati uliopita. Kitenzi kinao. Wazee wetu walisema amerukwa na akili, amechanganyikiwa, amepandwa na wazimu. Angalia vilivyo: mtu hakufanya kitu, amefanyiwa. Akili ndiyo iliyomruka. Na kilichoruka kinaweza kurudi, kwa hiyo sentensi inaendelea bila kukwama: alichanganyikiwa mwaka ule, akatibiwa Gilgil, akapata nafuu. Jaribu hivyo na "kichaa". Utasema nini, kichaa mstaafu? Hata "mgonjwa wa akili", pamoja na adabu yake yote, ni kibandiko kwenye paji la uso.

Sisemi kila kitenzi cha zamani ni salama. "Amelogwa" ni kitenzi, tena kinamhurumia mgonjwa, ila kinamtafuta mkosaji jirani, na mkosaji huyo kwa kawaida ni bibi kizee. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo anayesema maneno hayavunji mfupa aende akawaambie wajukuu wao.

Nina mjomba ambaye aliugua nikiwa darasa la saba. Ni fundi wa baiskeli. Akiwa na wenzake hujicheka mwenyewe: "Siku zile nilikuwa wazimu kabisa, nilimsalimia ng'ombe wa chifu nikidhani ni chifu." Wote hucheka, na yeye zaidi. Siku moja mpwa wetu alirudia utani huo huo mezani, kwa sauti ile ile. Mjomba aliweka kijiko chini, akatoka nje, na chakula kikapoa. Nilipomuuliza baadaye angependa tumtajeje, alinishangaa. "Fundi," akasema. "Kwani nyinyi mnaniitaje?" Hakuwa na shida na jina la ugonjwa wake, analijua na hulitaja mwenyewe akienda kuchukua dawa. Alichokataa ni kuitwa kwalo.

Kwa hiyo ningebana pale penye kalamu na kipaza sauti. Karani anayejaza fomu hospitalini, chifu anayeandika barua ya familia, mtangazaji wa redio, mwanasiasa anayemwita mpinzani wake mwendawazimu jukwaani: hao neno lao linaamua mtu apewe nini na anyimwe nini, na hawana kisingizio. Waandike ugonjwa kwa jina lake, na mtu kwa jina lake. Sokoni na nyumbani ningelegeza. Mama yule wa Kuresoi huenda hata Kiswahili si lugha anayoota nayo. Nyumbani kwake neno ni mũgũrũki la Kikikuyu, kwa jirani yake ni janeko la Kijaluo, na orodha yetu ya Kiswahili fasaha haifiki huko. Tukimsahihisha ulimi kabla hajamaliza kueleza, siku nyingine atanyamaza, na mwanawe atabaki amefungwa chumba cha nyuma. Kuhusu "kichaa cha mbwa" na "wazimu wa mpira", tafadhali tupumzike. Mbwa hawajalalamika.

Najua udhaifu wa pendekezo langu mwenyewe, la kutaja ugonjwa kwa jina lake la kitabibu. Wiki jana, pale steji, jua la saa saba lilikuwa kali mpaka lami inanata. Saa tisa mvua ya mawe ikashuka kutoka upande wa Menengai, tukajibanza chini ya paa la kibanda cha mahindi ya kuchoma. Kijana mmoja akatikisa maji kichwani, akaangalia mawingu, akasema, "Hii hali ya hewa ya Nakuru ni bipola." Watu wote wakacheka. Nami pia, kabla sijajikamata.