Asilimia Kwenye Chupa ya Sake Haitoshi

Wanunuzi wengi wa daiginjo, daraja la juu la sake (pombe ya mchele ya Japani), husoma namba moja tu: asilimia ya punje iliyobaki baada ya mchele kukobolewa. Kanuni za Japani zinataka ibaki 50 au chini yake, na wapo wanaoshuka hadi 35. Ina umuhimu wake, kwani mafuta yaliyo kwenye tabaka za nje huizuia hamira kutoa harufu ya matunda. Lakini kulipia namba hiyo peke yake ni kosa. Kazi yenyewe huanzia pale mashine ya kukoboa inapozimwa.

Punje iliyokobolewa kiasi hicho hunywa maji kwa pupa. Ndiyo maana huoshwa kwa mafungu madogo, ya kilo 10 hivi, na kulowekwa kwa saa ya mkononi, sekunde kwa sekunde, mpaka uzito uongezeke kwa takriban asilimia 30. Maji yakizidi, mchele ukitoka kwenye mvuke unanata, na ukungu wa koji, unaooteshwa kwenye mchele huo, unatanda juu juu tu. Unaofaa ni mkavu nje, laini ndani: ukungu hufuata unyevu hadi katikati ya punje.

Hapo kwenye koji ndipo penye roho ya sake. Pombe ya ulezi hutegemea kimea, yaani nafaka huchipua na kugeuza wanga wake kuwa sukari. Mchele mweupe hauchipui tena, hivyo kazi hiyo hufanywa na ukungu, kwa karibu saa 48, joto likipandishwa polepole kutoka nyuzi 30 hadi 40 na kitu.

Kwenye pipa, mchele, koji (mchele uliokwisha ota ukungu huo) na maji huongezwa mara tatu ndani ya siku nne. Ukimwaga vyote kwa mkupuo, hamira huzidiwa na bakteria hupata mwanya. Kisha ni baridi ya nyuzi 10 hivi, mwezi mzima. Joto likipanda, hamira hukimbia na harufu ya tufaha na ndizi hutoroka na gesi. Likishuka mno, hamira husinzia na sukari hubaki.

Wanaodharau daiginjo isiyoandikwa junmai, yaani isiyotiwa spiriti, wanakosea pia. Spiriti kidogo inayotiwa kabla ya kukamua husaidia harufu ibaki kwenye kinywaji badala ya kuondoka na machicha.

Inywe ikiwa na nyuzi 10 hadi 15, kwenye glasi. Chupa ikifunguliwa, irudishe kwenye friji, mbali na mwanga, na uimalize ndani ya wiki moja.